Umekuta Wanauza Rangi?

Jina la Bwana Tiki alipewa na wenzake kazini, na mwanzoni alilipenda. Kazi yake ilikuwa kuweka tiki. Ulizia ulikuwa mtambo wa kutafutia mambo mtandaoni, umetengenezwa na watu kumi na mmoja kwenye ghorofa moja juu ya duka la magodoro. Kila mahali palipoorodheshwa humo, iwe zahanati, shule, fundi viatu au stoo ya mbao, palipaswa kupigiwa simu au kutembelewa na mtu mwenye miguu yake. Akishathibitisha, ndipo anaweka tiki ya kijani, neno "Imehakikiwa" na tarehe. Kila baada ya miezi mitatu kazi inarudiwa upya. Mtu huyo mwenye miguu alikuwa Bwana Tiki.

Usiidharau tiki hiyo, maana ndiyo silaha pekee waliyokuwa nayo. Mpinzani wao alikuwa ule mtambo mkubwa wa ng'ambo unaotumiwa na dunia nzima. Ofisini ilikuwa mwiko kuutaja kwa jina. Waliuita Jitu, na aliyefumwa akiufungua kwenye simu yake alifagia ofisi wiki nzima. Jitu lilikuwa na wahandisi wa kujaza uwanja wa mpira. Ulizia walikuwa na feni mbili, na moja mbovu. Lakini Jitu halikumjua fundi viatu wa nyuma ya soko, wao walimjua hadi saa anayokwenda kula, na kwenye ukurasa wa mbele waliandika kwa herufi nene: "Kila anwani imehakikiwa na mtu." Watu waliipenda sentensi hiyo. Mama yake Bwana Tiki aliipenda kuliko wote.

Basi Jitu likaamka. Likaanza na lenyewe kuorodhesha maduka na zahanati, kwa lugha ya hapa hapa, na watu wakaanza kuhama. Mkurugenzi, mwanamke mfupi anayetembea siku zote kama aliyechelewa, akaita kikao cha dharura. Alisema kuna muungano wa hospitali unaotaka mtambo mmoja wa kuwaelekeza wagonjwa, na wageni wao watakuja kuangalia.

"Wanataka anwani elfu ishirini zilizohakikiwa," alisema. "Tunazo elfu tisa. Tukiwapata hawa tumepona. Tukiwakosa, jamani, kila mtu aanze kutafuta kazi, na ataitafutia kwenye Jitu."

Walicheka, kisha wote wakamgeukia Bwana Tiki. Naye akasema maneno ambayo mtu husema akitazamwa na watu kumi. Alisema: "Niachieni mimi."

Uongo wake ulianza mdogo, kama uongo wote. Alipiga simu duka moja la vipuri, haikupokelewa. Akapiga tena, kimya. Duka lenyewe alilijua, alilipita mwaka jana, akasema moyoni haliwezi kuwa limeota mabawa, akaweka tiki. Kesho yake akafanya hivyo kwa kumi. Wiki iliyofuata akagundua kwamba juu ya jedwali kuna kisanduku kidogo. Ukikibonyeza, ukurasa mzima wenye anwani mia mbili unageuka kijani kwa mpigo mmoja. Mara ya kwanza aligeuka kutazama kama kuna anayemwona. Mara ya pili hakugeuka. Alifika elfu ishirini siku tisa kabla ya muda, Mkurugenzi akabandika picha yake ukutani, wenzake wakampigia makofi, na yeye mwenyewe akajikuta anapiga makofi pamoja nao. Alikuwa amewapaka mafuta kwa mgongo wa chupa, nao wakang'aa kwa furaha.

Sasa, pale Ulizia palikuwa na desturi iliyoitwa Kikao cha Ukuta. Kila Ijumaa saa tisa alasiri waliwasha runinga kubwa ya ukutani, wakasoma kwa sauti maswali ya wiki ambayo mtambo ulishindwa kuyajibu. Muulizaji hakuonekana, liliandikwa swali na saa tu. Nia ilikuwa njema: kujua watu wanauliza vipi, mtambo ufundishwe. Lakini ofisi ni ofisi. Baada ya mwezi mmoja kikao kiligeuka kijiwe cha kucheka watu.

Na hakuna aliyechekwa kama Bi Asante. Ndivyo walivyombatiza mtu mmoja aliyeuliza mtambo kama vile amesimama mlangoni kwa jirani. "Hodi," angeandika. "Naomba kujua mchicha hupandwa mwezi gani. Asante." Siku nyingine: "Hodi. Jana mlinijibu vizuri kuhusu kunguni. Leo ni panya. Samahani kwa usumbufu. Asante." Mchoraji wa kurasa, kijana mwenye kipaji cha kuigiza sauti, alimsoma kwa sauti ya bibi aliyeng'oka meno, akiinama na kushika kiuno, hadi watu wakalala juu ya meza.

Ijumaa moja swali lilikuwa hili: "Hodi. Nimefika kliniki ya macho nimekuta wanauza rangi. Naomba kujua madaktari wamehamia wapi. Asante."

Kicheko kilipasuka. Mhandisi alipaliwa na karanga. Bwana Tiki aliacha kutafuna, kwa sababu kliniki ya macho ilikuwa kwenye zile kurasa za anwani mia mbili alizozigeuza kijani, na hakuhitaji kukumbushwa. Angeweza kusema pale pale: jamani, ngojeni niicheki hiyo. Lakini ukitoa uzi mmoja, nguo nzima inafumuka. Wangeuliza ya pili, wangeuliza ya tatu. Kwa hiyo akafanya kinyume. Akapaza sauti kuliko wote.

"Mwambieni anunue kopo moja, apake miwani!"

Walimpigia meza. Tangu siku hiyo ukawa msemo wa ofisi. Mtu akikosa faili, akikuta choo kimefungwa, akiachwa na mchumba, wenzake humuuliza: "Vipi, umekuta wanauza rangi?" Swali la Bi Asante likarudi Ijumaa iliyofuata, na nyingine tena, kila mara likiwa na heshima zaidi na kila mara likichekwa zaidi. Bwana Tiki alicheka mara zote tatu.

Mama yake alikuwa mshonaji wa sare za shule. Alimlea kwa cherehani ya kukanyaga kwa miguu iliyokaa chini ya dirisha la sebule, na mwanawe hakuwahi kuiona imelala mchana. Jumamosi baada ya mara hiyo ya tatu, alipokwenda kumsalimia, aliikuta imefunikwa kwa shuka.

"Shikamoo mama. Mbona cherehani umeifunika?"

"Marahaba. Imechoka."

"Cherehani inachoka?"

"Basi nimechoka mimi. Kaa unywe chai."

Akamimina. Nusu iliingia kikombeni, nusu ilitiririka kwenye sinia, na yeye akaendelea kumimina huku akimtazama mwanawe na kutabasamu. Bwana Tiki akamshika mkono, akalichukua birika.

"Mama. Macho yana nini?"

"La kushoto tu hilo. Linaona katikati, pembeni ukungu. Sindano naitunga kwa kupapasa. Usinitolee macho hivyo, sijakaa bure, nimeshakwenda kliniki. Mara tatu."

"Wakasemaje?"

"Waseme nini na hawapo? Nimekuta wanauza rangi."

Kuna aibu inayokuja taratibu, mtu akaiona na kujiandaa. Hii haikuja hivyo. Bwana Tiki alibaki ameshika birika hewani, masikio yakimwaka moto, na ndani ya kichwa chake akasikia ofisi nzima ikicheka, na sauti iliyokuwa juu ya zote ilikuwa yake.

"Mara ya kwanza," mama yake aliendelea, "mlinzi wa pale akaniambia wamehama, yeye hajui walikokwenda. Nikarudi nyumbani, nikatazama kwenye Ulizia. Imeandikwa wapo! Imehakikiwa, na tarehe ya mwezi uliopita! Nikasema, huyu mzee mvivu tu, hataki kuinuka anionyeshe mlango. Nikarudi. Akaniambia yale yale. Mara ya tatu nilimpasulia mbele ya wateja. Nikamwambia wewe ni muongo, mwanangu ndiye anayehakiki, na mwanangu hawezi kuandika kitu ambacho hajakiona kwa macho yake."

"Mama, kwa nini hukuniuliza mimi?"

"Una kazi nyingi. Halafu si nilikuuliza?" Alivuta simu yake kutoka chini ya mto. "Uliniambia mwenyewe siku unaniwekea: mama, humu uliza kama unavyoniuliza mimi. Nikauliza kwa heshima tu. Nadhani hamkuliona swali langu."

Alimpa simu. Herufi zilikuwa kubwa, Bwana Tiki mwenyewe ndiye aliyezikuza. Na Jitu halikuwemo, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyelifuta, akisema hatuwezi kumlisha adui nyumbani kwetu. Maswali yalikuwa yamepangana tangu lile la mchicha, na kila moja lilianza na hodi. Siku zote hizo alikuwa amesimama mlangoni mama yake, akibisha, na wao ndani wakimwigiza.

Alisoma hadi mwisho, hakuweza kuinua uso. Uso umeumbwa na haya, wahenga walisema, na wake siku hiyo ulikuwa na haya peke yake, hakuna kingine.

"Ngoja niitafute," alisema.

Akageukia dirishani, akatoa simu yake. Alikuwa amelificha Jitu ndani ya kikasha alichokiita Kikokotoo. Ndiyo, hata yeye, na hajawahi kufagia hata siku moja. Aliandika maneno matatu. Kufumba na kufumbua likamletea: kliniki imehama miezi saba iliyopita, ipo mtaa wa tatu kutoka pale pale pa zamani, kando ya benki, na picha ya mlango. Mitaa mitatu. Mama yake alizunguka miezi miwili kutafuta kitu kilichokuwa mitaa mitatu mbele yake.

"Umeipata?" mama aliuliza.

"Nimeipata."

"Humo humo kwenye yenu?"

Angeweza kusema hapana. Neno lenyewe ni fupi.

"Ndiyo, mama."

"Unaona?" Mama akapiga goti lake kwa kiganja. "Nilijua imo. Ni macho yangu tu yamesoma vibaya, nikamsingizia mtambo wa watu."

Jumatatu walikwenda. Kwenye mapokezi ya kliniki kulikuwa na karani mwenye fomu, na swali la mwisho la fomu lilikuwa mgonjwa ameipataje kliniki. Mama hakungoja kusomewa mara mbili.

"Andika Ulizia," alisema kwa sauti ya watu wote wa kwenye benchi kusikia. "Si lile la wageni. La kwetu."

Karani akaacha kuandika. "Ulizia, mama? Hao hao? Tumewaandikia barua pepe nne hao. Bado wanapeleka wagonjwa kule kwenye rangi. Kuna mzee juzi kafika hapa amezunguka tangu asubuhi, anatutukana sisi."

"Basi kuna makosa upande wenu," mama alisema bila hasira. "Mwanangu huyu ndiye mhakiki wa pale. Muulize."

Karani alimtazama Bwana Tiki. Watu wa kwenye benchi walimtazama Bwana Tiki, wale walioweza kutazama. Yeye alikodolea ubao wa herufi ulioko ukutani, kuanzia ile kubwa ya juu hadi zile ndogo za chini ambazo hakuna anayezisoma, na alitamani ardhi ipasuke immeze yeye na viatu vyake. Karani hakuuliza. Aliandika kitu kwenye fomu na kusema kwa upole: "Kaeni, mtaitwa." Upole ule ulimuuma kuliko tusi.

Daktari alimwekea mama kidevu kwenye kifaa, akamulika, akapima, akarudia. Alisema ni presha ya jicho. La kulia lipo salama, litalindwa kwa matone kila siku maisha yote. La kushoto limepoteza uoni wa pembeni, na kilichopotea kwa ugonjwa huu hakirudi.

"Dalili zilianza lini?" aliuliza.

"Zina miezi miwili na zaidi," mama alisema.

"Mngekuja wakati ule tungeokoa sehemu kubwa. Kwa nini mlichelewa?"

Bwana Tiki alifungua mdomo. Lakini mama alimtangulia.

"Ni mimi, daktari. Nilisoma anwani vibaya. Uzee."

Na mwanawe akafunga mdomo. Hilo ndilo alilokuja kulikumbuka baadaye kuliko zile kurasa za mia mbili, kuliko hata kile kicheko: kwamba mama yake alijitwika kosa lisilo lake, na yeye aliyekaa kando yake alimwachia alibebe. Walirudi nyumbani mama amemshika mkono upande wa kushoto, kila mtu anayewapita upande huo akimshtua.

Wahenga walisema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Jumanne, Jumatano na Alhamisi, Bwana Tiki alikuwa mwosha. Aliirekebisha anwani ya kliniki, hiyo moja, kimya kimya. Zilizobaki alizitazama zikimkodolea kwa kijani chake. Katika kila tiki aliona mzee mmoja anazunguka tangu asubuhi.

Ijumaa wakaja wageni wa muungano wa hospitali, watatu, wakiongozwa na mama mmoja mtu mzima aliyewahi kuwa muuguzi, kwa maneno yake, kabla watu wengi wa ofisi ile hawajazaliwa. Mkurugenzi aliwazungusha, akawaonyesha kila kitu isipokuwa feni mbovu, kisha akamshika Bwana Tiki begani.

"Na huyu ndiye siri yetu. Jitu lina mitambo. Sisi tuna mtu mwenye miguu."

Muuguzi alimpa mkono. "Elfu ishirini kwa miguu hiyo miwili? Hongera, mwanangu."

"Na sasa mtaona tunavyojifunza kutoka kwa wateja," Mkurugenzi alisema, kwa kuwa ilikuwa saa tisa na Ijumaa ni Ijumaa. Akawasha runinga.

Maswali mawili ya kwanza yalisomwa kwa adabu, kwa ajili ya wageni. Kwenye la tatu mchoraji alishindwa kujizuia. Mgongo ukainama, mkono ukaenda kiunoni.

"Hodi," alisoma kwa ile sauti yake ya kibogoyo. "Matone ya macho huwekwa mtu amekaa au amelala? Mwanangu alinieleza nimesahau, na siku hizi naona ana mawazo, sitaki kumsumbua. Asante."

"Bi Asante karudi!" Ofisi ililipuka. Hata wageni walitabasamu, wasijue wanachotabasamia. "Jamani, kumbe kliniki kaipata? Au bado anakuta wanauza rangi?"

Na wote wakamgeukia Bwana Tiki. Mzaha ule ulikuwa wake, yeye ndiye aliyeuzaa, ilikuwa haki yake kuumalizia. Alisimama. Mkurugenzi alianza kumpa lile tabasamu la onyo, la kusema si leo, kuna wageni.

"Huyo ni mama yangu," alisema.

Wakacheka zaidi. Mhandisi alipiga meza.

"Huyo ni mama yangu," alirudia, "na jicho lake la kushoto limekufa nusu, kwa sababu niliweka tiki kwenye kliniki ambayo sikuipigia simu. Na si hiyo tu."

Sauti ya kwanza iliyokatika ilikuwa ya mchoraji, ambaye bado alikuwa ameshika kiuno na hakujua amshushe wapi yule bibi. Bwana Tiki akaeleza. Kisanduku cha juu ya jedwali, kurasa za mia mbili, siku tisa kabla ya muda. Hakujitetea. Alisema kwa haraka, kama mtu anayetapika na anataka kuimaliza.

Muuguzi ndiye aliyeuliza. "Za uongo ni ngapi?"

"Elfu kumi na moja ziliongezeka. Nyingi kati ya hizo."

"Zipi?"

"Sijui. Zote ni za kijani."

Yule mama alifunga daftari lake taratibu. "Wagonjwa wetu hawana muda wa kujaribu milango," alisema. Hakuwa na ukali. Aliwaaga kila mmoja, akampa mkono hata Bwana Tiki, wakashuka ngazi.

Mkurugenzi alisimama mbele ya runinga, swali la matone ya macho bado linawaka mgongoni kwake. Kwa mara ya kwanza alionekana hana pa kukimbilia.

"Bora ungeniibia kompyuta," alisema. "Kompyuta ningenunua nyingine."

Halafu akakaa, akafungua ukurasa wa mbele, na mbele ya wote akaifuta ile sentensi, neno moja moja, akianzia nyuma: mtu, na, imehakikiwa, anwani, kila. Bila kugeuka alimwambia, "Jumatatu uje. Si kwa huruma. Utaanza na anwani ya kwanza, kwa simu na kwa miguu, hadi tutakapofunga mlango au utakapofika mwisho." Mchoraji alimfuata Bwana Tiki hadi kwenye ngazi, akamshika mkono wa shati.

Mama hakujua lolote la hayo. Jumamosi asubuhi mwanawe alimwekea matone kwanza, amelala, jicho wazi, kama lilivyokuwa jibu. Kisha, mama akiwa bado chali, amefumba macho, akamwambia. Ilikuwa rahisi zaidi macho yakiwa yamefumbwa. Alimwambia kuhusu tiki, kuhusu Jitu alilolifungua dirishani, kuhusu Ukuta, na hata lile la kopo la rangi na miwani alilisema, ingawa hakuna aliyemlazimisha.

Tone moja lilimtoka mama kwenye kona ya jicho; labda lilikuwa dawa.

"Kwa hiyo nilisoma vizuri," alisema mwishowe.

"Ulisoma vizuri, mama. Nisamehe."

"Na yule mlinzi?"

"Mlinzi amefanyaje?"

"Nilimwita muongo mbele ya watu." Aliinuka, akaanza kupapasa viatu vyake chini ya kitanda. "Ya jicho ni yangu na wewe, tutayazungumza, na hayataisha leo. Yule mzee wa watu kwanza. Nipeleke."

Mlinzi wa duka la rangi alikuwa mzee mwembamba mwenye kofia ya sufu, amekaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni. Alipomwona mama akasimama kabisa, kama mtu anayejiandaa kwa kipigo.

"Dada, umerudi tena?"

"Nimerudi kukuomba radhi, kaka. Nilikuita muongo. Ulisema kweli mara zote tatu."

"Aa, hayo yamekwisha."

"Kwako. Kwangu bado." Mama akageuza kichwa chote upande wa kushoto kumtafuta mwanawe, maana asipogeuka hivyo hamwoni. "Na huyu ana neno lake."

Wateja wawili walikuwa wanatoka na makopo, wakapunguza mwendo. Mzee akamtazama kijana kuanzia viatuni.

"Ndiye yule mwanao anayehakiki?"

"Nilikuwa naandika tu, mzee," alisema Bwana Tiki. "Sikufika. Wewe ulisema kweli, mimi ndiye muongo."

Mzee akarudi kwenye kiti chake. Akakaa, akavua kofia, akaishika magotini.

"Kusema kweli, dada, siku ile uliniuma," alimwambia mama. "Si kwa kuitwa muongo. Nilirudi nyumbani nawaza: nimekaa mlangoni hapa miezi hii yote tangu wahame, watu wagonjwa wa macho wananiuliza kliniki iko wapi, na mimi nasema sijui, nimekaa kama gogo. Nikaona aibu. Siku yangu ya mapumziko nikatoka, nikauliza mtaa hadi mtaa. Siku ya kwanza nikakosa. Wiki iliyofuata nikaipata. Nikasema yule dada akirudi, angalau nitakuwa na jibu. Hukurudi."

Alionyesha kwa kidole. Kwenye nondo za dirisha kulikuwa na kipande cha boksi kilichofungwa kwa waya, kimeandikwa kwa rangi ya mafuta nyekundu, ya dukani, herufi zimepishana, na mshale mkubwa.

Mama alikisogelea, akageuza kichwa huku na huku, matone ya asubuhi bado yakimtia ukungu, akaacha.

"Kimeandikwa nini? Nisomee, mwanangu."

Bwana Tiki akasoma. "Kliniki ya macho imehama. Fuata mshale, mtaa wa tatu, kando ya benki, mlango wa bluu." Chini yake palikuwa na mstari mwingine mdogo. Aliutazama, akaurudia kwa macho.

"Mbona umenyamaza? Ndiyo mwisho?"

"Hapana, mama."

"Basi malizia."

Akamalizia, kwa sauti, wateja wakisikia. "Nimefika mwenyewe, nimeiona."